Mtihani wa Tatu wa Mama Ngoja

Waongoza wageni wa mji ule walikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: mgeni akiuliza, jibu. Hujui? Jibu vilevile. Mji wenyewe wa hoteli na ufukwe, watu wamekuja kuota jua, nani atakwenda kupekua kama mnara wa taa una miaka mia au mia tatu? Bingwa wa kupiga chuku alikuwa Redio, jamaa asiyezimika, ambaye angeweza kukusimulia ukoo mzima wa paka aliyemkuta amelala kizingitini. Na huyu tunayemsema leo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Wenzake walimwita Mama Ngoja, maana mgeni akimuuliza asilolijua, yeye husema, "Ngoja niulize," kisha kweli akavuka barabara kwenda kuuliza.

Lo, walivyomcheka! Mwanamke wa miaka arobaini na saba, aliyetandika vitanda vya hoteli mpaka kiuno kikagoma, leo anawakokota wageni mpaka kwa kinyozi kuuliza posta ya zamani ilijengwa na nani! Lakini wageni wake walimpenda. Walikuja wawili wawili, au familia moja, na wakirudi mwaka mwingine humuulizia yeye. Miaka sita aliifanya kazi hiyo, na aliipenda kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya.

Kisha ikaja amri ya beji. Kuanzia mwezi wa saba, asiye na beji haruhusiwi kumwongoza mgeni hata kwenda chooni. Na beji haipatikani ila kwa mtihani: unamtembeza mtahini kwa muda wa saa mbili, yeye anajifanya mgeni, anauliza, na majibu yako yafuate kijitabu cha idara. Ukianguka mara tatu, ndiyo basi tena. Mama Ngoja alikwisha kuanguka mara mbili, zote mbili mbele ya Nyumba ya Nahodha.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa kuukuu nyuma ya soko la samaki, yenye roshani ndefu ya mbao. Kijitabu kilisema iliwahi kuwa ya nahodha tajiri aliyesimama roshanini kila asubuhi kuzitazama merikebu zake. Picha ya nyumba hiyo ilikuwa kwenye jalada, kwa hiyo ukikosea kituo hicho, umekosea vyote. Mara ya kwanza mtahini alimuuliza, nahodha alikuwa na merikebu ngapi? Mama Ngoja akajibu, "Ngoja niulize." Akaanguka hapohapo.

Lakini yeye akisema atauliza, anauliza. Jioni ile alikwenda kwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu alipofiwa na mama akiwa na miaka mitatu.

"Nahodha gani?" mama mdogo akang'aka. "Pale palikuwa kwa madobi wa mashuka ya hoteli. Roshani ilikuwa ya kuanikia. Mama yako alifua pale miaka kumi na mmoja, wewe hujui?"

Angejuaje? Aliambiwa tu kwamba mama alikuwa akifanya kazi mjini. Yeye, muuliza yote, habari za nyumba ile hakuziuliza, kwa sababu zilikuwa zimechapwa kitabuni. Alilia siku ile, na kilichomliza zaidi kilikuwa hasira. Kwenye mtihani wa pili akasema ukweli wake wote. Mtahini, bwana mmoja mwenye haraka, akafunga faili. "Kitabu hakisemi hivyo, mama."

Wiki chache kabla ya mtihani wa tatu, Redio alikwenda kumsihi kwa mama mdogo.

"Shemeji, umekula ng'ombe mzima, mkia ndio ukushinde? Sema nahodha, chukua beji, halafu useme ukweli wako mpaka koo likauke!"

"Njia ya mwongo ni fupi," mama mdogo akamkata.

"Fupi? Mimi naitembea mwaka wa kumi na nne huu, mwisho wake sijauona!"

Wakacheka wote, hata Mama Ngoja. Kisha akakaza uso. "Shemeji, najua unanitakia mema. Lakini mama yangu simfuti kwa mdomo wangu mwenyewe. Beji nitaichukua, na nahodha simtaji."

"Kichwa kama jiwe la kusagia," Redio akasema, akaomba chai.

Ua wa nyumba ile siku hizi ulikuwa stoo ya viti vya ufukweni. Mama Ngoja alimwendea mtunza stoo, akamweleza. Yule bwana akajikuna shingo. Karo za kufulia zipo, alisema, ila zimezikwa chini ya viti. Akitaka kuziona avihamishe mwenyewe, na kabla ya stoo kufungwa kila kiti kiwe mahali pake. Haya! Wiki mbili, kila alasiri, alihamisha viti na kuvirudisha, rundo moja moja, kiuno kikimlilia. Zikaonekana karo nane za saruji. Kwenye ukingo wa kila moja palichorwa alama kwa msumari, ili madobi wasigombee karo: samaki, ufunguo, jani. Mama mdogo alikwisha kumtajia kila alama na mwenyewe, na kumwambia atafute kitana, alama ya mama yake. Alikikuta kwenye karo ya nne, meno yake yote yakihesabika.

Mtahini wa tatu alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani mizito na mwavuli, mguu mmoja ukimsumbua. Mama Ngoja alimpitisha upande wa kivuli, akampumzisha kabla hajaomba, na vituo vyote vya mwanzo vikaenda bila kasoro. Wakafika chini ya roshani.

"Huyu nahodha," mtahini akauliza, "alikuwa mtu wa namna gani?"

"Hakuwapo, mama. Nipe dakika tano nikuonyeshe waliokuwapo."

Akampeleka uani. Siku hiyo mtunza stoo mwenyewe alikuwa ameshasogeza viti. Mama Ngoja akaeleza mashuka yalivyopandishwa roshanini na majivu yalivyotumika pale sabuni ilipokwisha, akataja kila alama na mwenye alama. Mtahini akakaa kwenye ukingo wa karo.

"Kijitabu kile nilikiandika mimi," akasema. "Nilikuwa kijana, nimepewa wiki mbili. Chini ya picha ya roshani palibaki nafasi, mkubwa wangu amesimama mlangoni anakitaka. Nikajazia nahodha."

"Ukajazia!" Mama Ngoja aliruka. "Hukuuliza? Mama yangu mdogo anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa, mlango wake hauna hata mbwa! Miaka sita nimeleta watu hapa nikiwaonyesha nahodha wako, kumbe nampita mama yangu!"

Ndipo akaisikia sauti yake mwenyewe, na akatambua anamfokea nani. Beji imekwenda, alijua. Potelea mbali. Hakulirudisha hata neno moja.

Beji aliipata, nisije nikakuweka roho juu, na aliyeshangilia kuliko wote ni Redio. Lakini ukimuuliza ni siku gani alishinda, siku ya beji hakutajii. Atakutajia pale uani, mtahini alipovua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaigeuza karatasi ya mtihani upande usio na maandishi.

"Toleo jipya halijachapwa," mtahini akasema. "Safari hii nauliza. Karo ya kwanza alifua nani?"

Mama Ngoja akataja jina. Kalamu ikaandika. La pili akataja, la tatu akataja. Alipofika kwenye kitana, akayapitisha kidole meno yake, moja baada ya jingine. Mtahini hakuinua uso wala hakumhimiza. Kalamu yake ilibaki palepale juu ya karatasi. Mama Ngoja akalitamka jina la mama yake, halafu akalirudia herufi kwa herufi, ili lisikosewe.