Khisa wa Mstari wa Kumi na Nne

Khisa hajui kukaa. Huu ni mwaka wa pili nafanya kazi naye, na bado sijamwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Hunywa huku akitembea kwenye baraza ya maabara, mara atazame mawingu juu ya Menengai, mara atazame njia ya shambani, na akikiweka kikombe chini huwa kimebaki nusu. Wenzake wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, husema mama yake alimzaa akiwa tayari yuko njiani.

Kituo chetu ni cha utafiti wa ngano, upande wa Rongai, mwendo wa saa moja kwa lori kutoka Nakuru. Adui yetu ni kutu, lile vumbi la rangi ya chungwa linaloota kwenye bua na majani, likaunyonya mmea mpaka suke likabaki makapi. Tunatafuta ngano ambayo kutu haitaiweza. Nilipofika hapa na diploma yangu ya kilimo kutoka Makerere nilidhani kazi hiyo hufanywa kwa vitabu na hadubini. Nikakuta inafanywa kwa koleo ndogo ya chuma, mfano wa kibano, na anayeishika koleo hiyo vizuri kuliko wote ni Khisa.

Alizaliwa upande wa Bungoma, akasoma mpaka darasa la tatu katika shule ya misheni. Huko ndiko alikojifunza kuendesha taa ya picha, kwa sababu mmishenari alikuwa akiwaonyesha watu picha za Musa na Yona kwenye shuka jeupe, na Khisa ndiye aliyekuwa akitia ndani ya taa vioo vyenye picha hizo. Alipokuwa mtu mzima alipanda gari la moshi akaja kutafuta kazi, akaipata katika kiwanda cha mbao karibu na Elburgon. Msumeno ulimla kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akaachishwa. Mwaka 1948 aliingia kituoni kufukuza ndege. Msimu uliofuata bwana mmoja aliona jinsi mikono yake isivyotetemeka, akampa koleo.

Basi hufanya hivi. Ua la ngano likiwa bado limefumba, hulifungua, huchomoa vijifuko vya unga wa kiume, hulifunika suke kwa mfuko wa karatasi, na baada ya siku chache huleta unga kutoka ngano nyingine anayotaka kuichanganya nayo. Kwa siku moja hufanya masuke arobaini. Mimi nikijitahidi sana, na jua likinihurumia, hufanya kumi na mawili. Ni ajabu kwamba mtu asiyeweza kukaa anaweza kuinamia suke moja robo saa bila kupepesa macho. Akiinuka tu, miguu huanza tena.

Kati ya ngano zote alizozizalisha, moja aliipenda kupita kiasi. Ilikuwa mstari wa kumi na nne, maana hapa kila aina ya ngano hupewa mstari wake shambani na namba yake. Aliichanganya kwa mikono yake mwaka 1949, akaipanda, akaichagua, akaipanda tena, misimu sita. Watu wa laini waliiita bibi mdogo wa Khisa. Hata Nasimiyu, mke wake, alikuwa akimuuliza asubuhi, akimpa uji, "Baba Nekesa, mke mwenzangu ameamkaje?"

Septemba ya mwaka jana, yaani 1955, kutu ilishuka kwa ukali, tena ilichelewa, wakati karani alikuwa ameshafunga daftari la vipimo na Mkurugenzi wetu, Bwana Tait, yuko likizoni Uingereza. Siku hizo alikuwapo mgeni, Profesa Rawle, aliyekuwa akizunguka nchi mbalimbali akipiga picha za ugonjwa huo. Alipenda sana mahali ambapo mstari wa kumi na tatu na wa kumi na nne ilikuwa imesimama sambamba, kwa kuwa mmoja ulikuwa umelala kwa kutu na mwingine umesimama safi. Alimwambia Khisa asimame katikati na ufito wa kupimia, ule wenye mapande meupe na meusi, ili watu wa mbali wajue urefu wa ngano. Akapiga picha, akaondoka. Baada ya siku tano mvua ya mawe ililaza shamba lote, mzima na mgonjwa pamoja.

Bwana Tait aliporudi, Khisa alimweleza kwamba kumi na nne ndio uliosimama. Bwana Tait si mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba macho ni kitu kizuri, lakini sayansi inataka ushahidi, na ushahidi ni picha ya Profesa. Tungoje. Kwa hiyo Khisa alingoja miezi saba, akiitembea baraza ile mpaka nikaona sakafu yake imeng'aa.

Kila mwezi wa Aprili, kabla ya kupanda, kituo hufanya semina. Wataalamu huja kutoka Nairobi na Kitale, na wakulima wa Kizungu huja kutoka Njoro na Molo. Mgeni mkubwa hutoa mhadhara. Kando ya ukuta huwekwa ubao, na Mkurugenzi huandika namba za mistari. Unaokubaliwa huachwa, usiokubaliwa hukatwa kwa chaki nyekundu. Ghala ni dogo, kwa hiyo mbegu za mistari iliyokatwa huenda kwa nguruwe wa kituo kesho yake asubuhi. Hakuna rufani.

Mwaka huu mgeni wa mhadhara alikuwa Profesa Rawle mwenyewe. Ilikuwa saa nane mchana. Tulifunga mapazia, Khisa akasimama nyuma ya taa, mimi nikakaa kwenye benchi la mwisho, karibu naye, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa nimsaidie kwa Kiingereza. Katika kazi hiyo maneno ni machache. Profesa hugonga sakafu kwa fimbo yake mara moja, kioo kinabadilishwa. Kila kioo kina kipande cha karatasi kimebandikwa kwenye pembe, nacho humwonyesha mwenye taa mahali pa kuweka kidole gumba, ili picha isije ikasimama kichwa chini au ikageuka. Khisa hufuata karatasi ile kama dereva anavyofuata barabara.

Alikuwa na furaha. Nilimwona akifuta kila kioo kwa kitambaa mara mbili. Aliniegemea akaninong'oneza, "Leo utaona, kijana. Leo bibi mdogo anaingia kanisani."

Kioo cha tisa kikaingia. Ukutani ukatokea mstari wa ngano iliyosimama wima, na mwingine wa ngano iliyolala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Katikati, mtu na ufito wake. Vibao vya namba vilikuwa vimefichwa na majani, lakini kila mmoja katika chumba kile alijua kwamba mistari yetu huhesabiwa kutoka kushoto. Profesa aliinyosha fimbo yake. Huu wa kushoto, alisema, ni wa kumi na tatu, tazameni uzuri wake. Huu wa kulia, uliolala, ni wa kumi na nne. Bwana Tait aliinuka, akaenda ubaoni, akaikata kumi na nne kwa chaki nyekundu. Kisha aligeuka akatazama kule nyuma gizani, tulipokuwa, kwa namna ya mtu anayeomba radhi.

Sikuhitaji kumtafsiria Khisa. Namba za Kiingereza alizijua, na chaki aliiona. Mwanga wa taa ulimpiga usoni kutoka chini, nikaona midomo yake inahesabu. Baadaye aliniambia kwamba wakati huo aliyashuku macho yake mwenyewe. Alifikiri, labda mapenzi yalinipofusha, labda miezi saba nilikuwa nikisema uongo bila kujua.

Profesa akagonga sakafu.

Picha haikubadilika. Akagonga tena. Wakulima wakageuza vichwa. Khisa alikuwa ametoa mikono yake kwenye taa, ameishikilia nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue miguu yake ilikuwa imetulia.

"Iko nini, Khisa?" Bwana Tait aliuliza. "Mashine nakufa?"

"Mashine mzima, Bwana. Naomba picha ikae."

Mtu mmoja akacheka. Profesa aliniuliza mimi kuna shida gani, na mimi, nakiri, nilikuwa nimeanza kunyosha mkono nikitoe kile kioo mwenyewe ili mambo yaishe. Nyumba ya Khisa kule laini ilikuwa ya kazi; akifukuzwa, nayo imekwenda. Mke na watoto wanne walilala ndani yake. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mzee Khisa, badilisha. Tutazungumza na Bwana kesho."

"Kesho nguruwe watakuwa wameshiba," akasema. "Waambie wamtazame yule mtu."

"Mtu gani?"

"Yule mwenye ufito. Wametazama ngano tu. Waambie wahesabu vidole vyake."

Nikasimama, nikatafsiri mbele ya watu wale. Bwana Tait akasogea mpaka ukutani, pua yake karibu kuigusa picha. Mtu wa ukutani alikuwa mkubwa kuliko mtu wa kweli, na mkono wake usio na ufito ulikuwa umening'inia wazi, vidole vinne. Ulikuwa mkono wa kulia.

Kisha Khisa akapita mbele ya taa, kivuli chake kikaifunika ngano yote, akainua mikono miwili juu ya mwanga. Mkono wa kulia, vitano. Mkono wa kushoto, vinne.

Profesa ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuja nyuma kwa hatua ndefu, akachomoa kioo, akakishika kwenye mwanga, akakigeuza, akakigeuza tena. Kile kipande cha karatasi kilikuwa kimebandikwa upande usiofaa na waliotengeneza vioo vyake huko kwao. Khisa alikuwa ameweka kidole gumba mahali alipoelekezwa, na picha ikatoka imegeuka, kushoto kukawa kulia. Kilipoingizwa upya, yule mtu alihamisha ufito wake mkono wa pili, na ngano iliyosimama ikahamia kulia, kwa kumi na nne. Profesa alikuwa amekuwa mwekundu. Alisema taratibu kwamba picha hiyo alikwisha kuionyesha katika miji mitatu.

Mimi nilidhani yamekwisha. Nilingoja Bwana Tait aichukue ile chaki nyekundu aikate kumi na tatu. Lakini yeye na Profesa walinong'onezana, kisha akarudi ubaoni akafuta alama nyekundu, na karibu na namba zote mbili akaandika alama ya kuuliza. Alieleza kwamba picha iliyokwisha kumdanganya mara moja haiwezi kuwa shahidi wa mwisho, hata kama sasa inasema kweli. Kumi na tatu na kumi na nne itapandwa tena sambamba, msimu mmoja tu. Isipoonekana tofauti, yote miwili itakatwa, maana mashamba ni machache na mbegu mpya zinangoja. Nilimtafsiria Khisa kila neno. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye taa, akaendelea kutia vioo mpaka cha thelathini na moja. Lakini sasa kila kimoja alikiinua kwanza kwenye mwanga, akakikagua pande zote mbili, na wageni wote walimngoja.

Tulipanda Juni. Khisa alifikiri kumwokoa bibi mdogo na nguruwe ndiyo kazi yote, kumbe kazi ilikuwa haijaanza. Mvua zilikuja kwa kiasi, ngano ikakua vizuri, Julai ikapita, Agosti ikapita, na kutu haikuonekana. Kila mkulima kutoka Njoro mpaka Molo alikuwa akishukuru. Khisa alikonda. Kwa kuwa bila kutu mistari yote miwili ilisimama safi, kijani kwa kijani, na hakuna awezaye kumtofautisha shujaa na mwoga siku ambayo hakuna vita. Alikuwa akienda shambani kabla ya umande kukauka, akirudi saa sita, akienda tena. Jumapili moja Nasimiyu alimfumania kanisani akiomba midomo ikitikisika, akamvuta nje na kumuuliza mbele yangu.

"Baba Nekesa, wenzako wanaomba uzima. Wewe umepiga magoti kuomba ugonjwa?"

"Naomba kidogo tu," akasema. "Wa kumi na tatu peke yake."

"Na mashamba ya watu je? Mungu ana karani wa kumpimia?"

Nilimwona Khisa anaona haya kweli, maana yeye ni mtu wa kanisa, naye alijua anachokitamani ni njaa ya mtu mwingine. Hata hivyo Jumatatu alikuwa shambani kabla ya jua.

Nayaandika haya Septemba, mwaka 1956. Juzi Jumanne alikuja mlangoni kwangu sijavaa viatu, ameshika jani moja kwa ncha za vidole. Kwenye jani palikuwa na doa la rangi ya chungwa, dogo kuliko punje ya ulezi. Lilitoka mstari wa kumi na tatu. Hakucheka. Alisema nichukue daftari.

Tuliingia mstari wa kumi na nne kutoka mwisho wake wa juu, yeye upande mmoja, mimi upande wa pili, bua kwa bua, jani kwa jani, juu na chini. Jua likapanda. Mgongo ulinichoma, macho yakaanza kuona machungwa mahali pasipo na kitu, na kila nilipojinyosha alinigombeza kwamba Makerere walinifundisha kukaa kitini. Tulifika mwisho karibu saa saba. Hatukuona doa hata moja. Nikafungua daftari, nikachomoa kalamu yangu ya wino, niandike tarehe na neno moja: hakuna.

"Usiandike kwa wino," akasema Khisa.

Nilimwuliza kwa nini, na sote tumeona. Lakini alikuwa ameshanipa mgongo, anarudi mwanzo wa mstari, ameinama, anaanza tena bua la kwanza.