Kadi Iliyojaribiwa Ofisini

Watu niliowadharau kweli maishani mwangu ni wachache, na wa kwanza wao ni msomi mmoja niliyefanya naye kazi Mbeya katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimeacha ualimu wa shule ya msingi kwa kuchoshwa na chaki, nikapata ukarani katika mradi mmoja wa mbegu na mbolea. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Alikuwa ametoka masomoni Ulaya, akivaa suruali ya bugaluu iliyofagia sakafu na viatu vya raizoni, vya soli nene, vilivyomfanya atembee kama kuku aliyekanyaga makaa.

Wazo lenyewe, nakiri, halikuwa baya. Badala ya mkulima kupanga foleni kwa bwana shamba ili aeleze anachotaka, angepewa kadi yenye visanduku: mbegu ya mahindi, mbolea, dawa ya kuogeshea ng'ombe, kamba za kufungia tumbaku, na vingine. Angeweka X kwenye kisanduku cha kile anachokitaka. Kadi ingepelekwa Dar es Salaam, mabinti wangeitoboa matundu kufuata zile alama, na mashine kubwa kama kabati ingesoma matundu na kutoa orodha ya kipi kipelekwe wapi. Siku hizi watu wanaagiza vitu kwa simu wala hawashangai. Sisi tulitaka kufanya hivyo kwa karatasi ngumu na lori.

Maagizo kutoka makao makuu yalisema wazi: kabla ya kuchapa nyingi, jaribuni chache, rekebisheni, jaribuni tena. Basi mkuu akajaribu. Alituita makarani sita ofisini kwake, akatugawia kadi na kalamu za wino, akatazama saa yake. Tulimaliza hata chai haijapoa.

"Mmeona?" akasema. "Hata mtoto anaweza."

Katika sisi sita hakuna aliyekuwa na shamba. Mmoja aliagiza dawa ya kuogeshea ng'ombe, na kwake hata paka hakuwepo.

Jumamosi ile nilichukua kadi moja nikaenda nayo Ilomba kwa shangazi yangu, aliyelima mahindi na maharage nyuma ya nyumba. Alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima, anasoma polepole akifuata kwa kidole. Nilimpa kadi na penseli, nikanyamaza. Alisoma kila mstari kwa sauti. Akaweka X kwenye kamba za tumbaku, akaweka X kwenye dawa ya ng'ombe, akaendelea hivyo hivyo mpaka chini. Visanduku viwili tu aliviacha vitupu: mbegu ya mahindi na mbolea.

"Shangazi, umeanza kulima tumbaku?"

"Tumbaku hapa Ilomba? Tumbaku iko Chunya huko."

"Mbona umeiwekea X?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta dalili za homa usoni mwangu. "Si ndiyo nimeikosesha? Mwalimu wetu akiona kosa anaweka hiyo. Na wewe si ulikuwa mwalimu, binti yangu?"

Nilikuwa mwalimu. Miaka saba nilikuwa nimechora X nyekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu, na bado nilikaa kwenye kile kikao cha ofisini, nikajaza kadi, nisione kitu. Nilirudi mjini nimejaa aibu, lakini pia nimefurahi kidogo, maana nilidhani nimeokoa mradi.

Jumatatu nilimweleza mkuu. Alinisikiliza huku anasafisha miwani.

"Shangazi yako ni mtu mmoja," alisema.

"Basi tujaribu na wengine, Ndugu. Au tubadilishe, tutumie alama ya vema."

"Alama ya vema ina mkia. Mkia utatoka nje ya kisanduku." Akavaa miwani. "Ndugu Karani, nchi zilizoendelea zinatumia X. Leo turudi nyuma kwa ajili ya bibi mmoja wa Ilomba?"

Makao makuu yalipodai ripoti ya majaribio ya wakulima wenyewe, tulisafiri hadi Iringa, tukakusanya watu Ipogolo. Mvua ilikuwa imenyesha, raizoni zikazama kwenye tope, na nakiri jambo hilo lilinifurahisha kuliko ilivyostahili. Mkuu alitundika ubao uliochorwa kadi kubwa, akachukua chaki, akaanza kuweka alama mwenyewe. "Wekeni hapa. Na hapa. Kama mimi." Watu wakanakili. Kadi zote zikafanana kama matofali.

Mama mmoja wa makamo, aliyekaa mbele, akanyoosha mkono. "Hii ya mbolea tuliyoiwekea X, ni kwamba hatuitaki?"

"Mama, fuata ubao."

Mama akafuata ubao.

Ripoti ilisema kwamba wakulima wote waliifahamu kadi bila tatizo. Niliipiga chapa mimi, na chini yake nikatia sahihi yangu kama shahidi. Hakunishika mkono kwa nguvu. Aliniambia tu kwamba karani mwelevu hawezi kukosa nafasi ya masomo Dar es Salaam, na hilo likanitosha. Kama namdharau yeye, mimi nijiweke wapi?

Kadi zikachapwa mabunda kwa mabunda, zikagawiwa vijijini, safari hii bila ubao wala chaki. Lori lilifika Ipogolo mvua za kupandia zikiwa zimekaribia kabisa. Mkuu alikuwa na kikao, kwa hiyo nilitumwa mimi kwenda kusainisha watu kwamba wamepokea mizigo. Turubai lilipofunuliwa, tuliona marobota ya kamba za tumbaku na madebe ya dawa ya ng'ombe. Mifuko ya mbegu ilikuwa michache, nyuma kabisa, ya wale wachache waliojaza tulivyotaka.

Yule mama alikuja akasimama mbele yangu. Alinisalimia kwanza, "Kamwene," kama mtu mwenye malezi, akasubiri niitikie. Kisha akaokota kamba moja.

"Dada, hii tunaipanda?"

Nilijifanya natafuta jina lake kwenye orodha ya kusaini.

"Siku ile niliuliza," alisema.

"Uliuliza, mama."

"Nikaambiwa nifuate ubao. Safari hii ubao haukuwepo, nikafuata akili yangu."

Hakupiga kelele. Angenitukana ningepumua. Watu wengine walikataa kusaini, na sikuwalazimisha. Walihangaika kuomba mbegu kwa ndugu zao wa vijiji vya mbali, wakapanda wamechelewa, na mahindi ya mwaka ule yalikuwa mafupi, yenye magunzi kama vidole.

Mkuu aliwaandikia makao makuu kwamba wakulima hawakuzingatia maelekezo. Wakamwamini. Msimu haujaisha akahamishiwa Dar es Salaam, kwenye ofisi kubwa zaidi, na sisi tukamfanyia sherehe ya kumuaga. Alisimama na soda mkononi, akasema amejifunza mengi Nyanda za Juu, ila tatizo la nchi hii ni uelewa wa watu wetu. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, kisha nikaenda kuongeza pilau.

Baadaye niliomba kurudi ualimuni, nikapelekwa shule moja nje kidogo ya mji wa Iringa. Kila nilipokwenda Mbeya kuona ndugu, basi lilisimama Ipogolo, akina mama wakaja madirishani kuuza vitunguu na mahindi ya kuchoma. Nilikuwa napenda sana mahindi ya kuchoma. Nilikaa upande wa pili, nimefunga dirisha, mpaka dereva awashe gari.