Viwanja Visivyo na Majina

Mpaka leo nikimwona bosi wangu wa zamani nabadilisha njia. Ofisi yetu ya ramani, hapa Tabora, iliweka ramani za viwanja vya Itetemia kwenye seva, kila mfanyakazi avifungue kwa mtandao. Ramani moja ilikuwa mafaili kadhaa yanayotegemeana: moja la mipaka, jingine la majina ya wenye viwanja. Huyu bwana akataka nafasi ya kuweka video ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya harusi. Akafuta mafaili ambayo, eti, akiyabofya hayafunguki. Majina yote yakaenda, na nakala nyingine hatukuwa nayo.

Siku moja akaja mama mzee aliyewahi kuzunguka nasi juani kutuonyesha mpaka wake wa minyaa. Nikamfungulia ramani: viboksi vitupu, vyote vinafanana.

“Changu kipi, mwanangu?”

Kabla sijajibu, bosi akamgeuzia kompyuta yake.

“Shikamoo, mama. Hebu mwone binti yangu kwanza.”

Video ikafunguka bila kukwama hata kidogo. Mama akatazama, akasubiri, kisha kwa adabu zake akapiga vigelegele.