Mwenye Njia ya Mtoni

Miaka ile ya amani, kabla ya kura ya uhuru wa Sudan Kusini, nilikuwa muuza maji Juba, na sioni haya kusema nilikuwa hodari. Nilitoka Uganda na baisikeli moja. Kila asubuhi niliteka maji ya Nile, nikafunga jerikeni nyuma, nikasukuma hadi mtaa wetu wa Hai Malakal. Serikali ilikuwa changa, bado inatafuta meza za kukalia, na mabomba hayakufika kwetu. Maji ya mtaa yalitutegemea sisi wa baisikeli.

Kisha mfanyabiashara mmoja akaleta pampu ukingoni. Tulimshangilia. Hatukuingia tena matopeni, foleni ilikwenda, bei ilikuwa nafuu. Mimi ndiye niliyepiga domo sokoni kwamba mji hauhitaji serikali, unahitaji watu wenye akili ya biashara.

Akanunua kiwanja cha pembeni, halafu kingine, akazungushia mabati, mpaka njia zetu zote za kushukia mtoni zikawa zake. Bei ikapanda. Aliyejaribu kuteka kwa ndoo alikutana na vijana wake wenye fimbo. Nikamwendea kwa heshima.

"Bosi, mto ni wa Mungu."

"Ndiyo, ndugu yangu. Mto iko ya Mungu. Njia iko yangu."

Nikalipa bei yake, nikajaza jerikeni zangu.

Muda si mrefu mama mwenye nyumba niliyopanga akafariki. Sisi wauza maji tulikuwa na desturi moja: maji ya msiba hayauzwi. Waombolezaji walijaa uani, mapipa yalikuwa makavu, na mwili haujaoshwa. Tukamwomba mwenye pampu atufungulie siku hiyo tu. Akasema anayetaka msaada aende kanisani, na atakayepita bila kulipa asirudi tena na baisikeli yake. Hapo alikuwa ameshika riziki yetu yote mkononi.

Tulikwenda. Wenye baisikeli wote wa mtaa, pamoja na wanawake wa msiba na ndoo zao, tukateremka polepole. Vijana wa fimbo walikuwa wamesimama langoni. Niliogopa, naapa. Mwanamke mmoja akamwambia aliyekuwa mbele, kwa Kiarabu cha Juba, kwamba hata mama yake siku moja ataoshwa kwa maji. Kijana yule akaweka fimbo chini, akafungua. Marehemu akaoshwa kwa heshima yake.

Baada ya hapo mwenye pampu hakupata tena mtu wa kusimama langoni na fimbo. Wenye ndoo wakapita, naye akashusha bei. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Lakini ninalojivunia zaidi ni jingine. Wenzangu, vichwa vikiwa vimewavimba, walitaka tuunde chama, na kila muuza maji mgeni atulipe kwanza kabla ya kugusa maji. Tumeteseka, walisema, ni haki yetu. Tulibishana hadi sauti zikakauka, bila kukubaliana.

Hatujamaliza ubishi huo, akaja mwanamume mmoja kutoka Rejaf na baisikeli mpya. Alisimama mbali kidogo na jerikeni zake tupu, akisubiri kuambiwa amlipe nani. Wenzangu wakanitazama. Nilijua wateja ni wale wale, na kwamba huyu atakula sehemu ya mkate wangu.

"Unangoja nini, ndugu yangu?" nikamwambia. "Teka maji."