Daktari Ananiita Sauti ya Mkulima, na Anayechuna Chai ni Mke Wangu

Mhariri, ficha jina langu, kwa sababu hapa Boito wakianza kumcheka mtu hawamwachi mpaka Krismasi. Mimi ni baba wa watoto watano, miaka arobaini na minane, tumbo limenitangulia kidogo. Nina shamba la chai. Yaani limeandikwa jina langu. Anayechuna ni mke wangu. Mimi nilifukuzwa huko kwa kuchanganya majani mazee na machanga.

Juzi alikuja daktari wa chuo kikuu, si yule wa sindano, wa kusoma. Viatu safi, matope yetu yanamwogopa. Akasema utafiti wake haufanywi bila mwananchi, eti sisi ni wadau. Akatuita kanisani asubuhi, siku ya lori la majani! Akina mama wote walikuwa wanachuna, kwa hivyo wadau tukawa sisi wanaume na soda zetu. Akauliza kuchuna kunachosha wapi mwilini. Tukaangaliana. Nikajibu, "Mgongo, Daktari." Akafurahi, akasema hiyo ndiyo sauti ya mkulima. Mchunaji vidole vyake ni vyeusi kwa utomvu wa chai. Vyangu ni safi kama vya karani. Mtu amesoma mpaka nywele zikaisha, na hakuona!

Sasa anataka nikasimame chuoni, niseme mbele ya maprofesa. Alipokuja nyumbani kunialika nikamwambia, "Mchukue mke wangu, Mama Chebet." Akacheka. "Mzee, tunataka mwenye shamba. Mama atatupotezea muda."

Mama Chebet alikuwa mlangoni na chai ya huyo mgeni. Akaiweka mezani polepole.

"Baba Chebet, kuchuna kunachosha wapi?"

Nikamsogezea mgeni sukari.

"Ni magoti. Miaka hii yote hukuniuliza, na huyu naye akaja kukuuliza wewe."

Kesho yake akaniwekea kikapu mlangoni. "Sauti ya mkulima, lori halingoji." Nikachuna. Karani wa kituo cha kupimia majani akayamwaga yangu chini, mazee na machanga tena, akina mama wakacheka mpaka wakashikana. Chai inazidi kurefuka, na karo inatoka humo humo. Mama Chebet anasema atarudi shambani nikishawaambia maprofesa ni nani anayechuna. Daktari naye ananisihi nisimwaibishe. Utafiti mzima umesimama juu ya mgongo wangu, na mgongo wangu hauna shida yoyote!

Nishaurini wasomaji, nikaseme ukweli huko nichekwe na wasomi pia, au nibaki na kikapu? Na nyinyi wanaume wa chai, kabla ya kunijibu, kwanza waulizeni mama zenu wa nyumbani magoti yanaendeleaje.