Salensa Mbili za Shemeji

Gereji nimeziona katika miji mingi, na karibu kote nimekuta mtu mmoja anayetaniwa kuliko wenzake. Katika gereji hii mtu huyo aliitwa Masikio. Alikuwa fundi wa mabomba ya moshi kwa miaka ishirini na sita, na nyundo ilikuwa imeshamla sikio lote la kulia na nusu ya lile la kushoto. Ukitaka kumwambia jambo, ulisimama kushoto kwake ukapiga kelele, na gereji nzima ikajua shida yako.

Kazi yake aliifanya kwa kiganja. Injini ikishawashwa, aliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kibichi, halafu akapitisha mkono kwenye kila kiungo akitafuta hewa ya moto inayotoroka. Ndiyo maana mikono ilikuwa na makovu hadi viwikoni. Kila mteja alimpa sharti moja: rudi baada ya siku saba. Chuma kipya kikichemka na kupoa hulegeza nati, na kuzikaza tena ilikuwa bure.

Jumatatu moja asubuhi alikuja shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee. Huyu alikuwa fundi cherehani mwenye maduka mawili, mtu wa manukato na utani, mwenye vidole laini kama vya mtoto. Aliendesha gari refu la zamani, na salensa mbili zilizotoka nalo kiwandani, yale makopo ya kumeza kelele za moshi, moja kila upande, zilikuwa zimeoza zote. Gari lilinguruma mpaka makopo ya rangi yakacheza rafuni.

“Masikio!” akapaza sauti upande wa kushoto. “Hata wewe umelisikia hili?”

“Nimelisikia kwenye meno, shemeji.”

“Basi lifunge mdomo. Nataka nikifika nyumbani hata paka asijue.”

Mafundi wakacheka. Masikio naye akacheka.

Kung’oa salensa zilizooza ni ugomvi. Nati zilikuwa zimeshikana na kutu, akazipiga moto wa gesi mpaka zikawa nyekundu, akazitwanga, zikakataa. Akazikata vichwa kwa grenda, cheche zikimwingia kifuani. Salensa ya kwanza ilipodondoka ilipasuka na kumtapikia masizi usoni. Ya pili aliing’oa kwa mikono na magoti, akiitukana kwa jina la mama yake, na ikamchana kiganja. Mpya alizitengeneza mwenyewe, akapanga vyumba vya ndani kimoja baada ya kingine, akachomelea mshono bila kuacha tundu la sindano. Jioni injini ilipowaka, mnyoosha bodi wa jirani aliuliza kama gari limezimika. Masikio alijisikia mfalme.

Jumamosi mchana mdogo wake aliingia gerejini kwa miguu. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kanga shingoni, mdomo umepasuka, jicho moja halifunguki. Masikio alitupa spana.

“Umeanguka?”

Alisema kitu. Kaka yake hakusikia, akainama karibu. Alisema tena, na tena hakusikia. Kwa miaka tisa mwanamke huyu alikuwa ameficha mambo ya nyumba yake kwa sababu hiyohiyo: hakuna siri unayoweza kumnong’oneza Masikio. Sasa alivuta pumzi, akapiga kelele mbele ya mafundi kumi.

“Ananipiga, kaka! Ananipiga tangu mwaka wa kwanza!”

Nyundo zote zilisimama.

Aliendelea hivyohivyo, kwa sauti ya mtu anayeita ng’ambo ya mto. Gari lile walikuwa wakilisikia likiwa bado kwenye pampu ya maji, mitaa mitatu kabla. Binti yake mkubwa ndiye aliyekuwa akitega sikio. Walipata dakika nne: kufungua geti, kupakua chakula, kumpeleka mtoto mdogo kwa jirani, kuficha kila kilicho kizito. Dakika nne ziliwaokoa mara nyingi. Jumanne hii hawakusikia chochote. Mume alimkuta mkewe mlangoni anacheka na jirani, geti limefungwa, na alimpiga kwa pasi ya chuma ya dukani kwake.

“Si kosa lako,” alipiga kelele. “Hukujua. Lakini kazi yako ilikuwa nzuri mno.”

“Polisi?”

“Nimekwenda mara mbili. Anawashonea sare.”

Watoto wake wawili walikuwa bado kule. Yeye alitoroka usiku wa Ijumaa kupitia ukuta, na mume akaapa kwamba akirudi kuwachukua atamzika. Alichotaka kilikuwa kidogo na wazi. Jumatatu watoto wangetoka shule saa saba, na jirani mwenye pikapu angewapakia wao na mama yao, pamoja na mabegi ya nyumbani, na kuwapeleka kwa mama mdogo, mji mwingine, ng’ambo ya kizuizi cha barabarani. Jumatatu hiyohiyo mume angelirudisha gari kukazwa nati.

“Mshikilie hapa mpaka saa nane. Ukimwachia mapema, atatukuta.”

Jumatatu, saa sita na nusu, shemeji alifika ananukia vizuri. Gari liliingia kimya juu ya shimo la kukagulia magari, na Masikio akashuka chini yake na taa. Alikaza nati moja, akailegeza, akaikaza tena. Juu, shemeji alikalia tairi bovu akawasimulia mafundi habari ya bwana harusi aliyenenepa siku mbili kabla ya sherehe. Hakuna aliyecheka. Saa saba ilipopita wengi wakaenda kula, kwa kuwa Masikio mwenyewe aliwaambia waende. Aliona haya kuwaingiza katika vita vya familia.

Saa saba na robo simu ya shemeji ikalia. Mtu wa dukani kwake alikuwa amepita nyumbani na kuona pikapu getini.

“Masikio! Inatosha. Toka, naondoka!”

Chini ya gari, nati iliendelea kuzunguka.

“We Masikio! Wewe kiziwi, nakwambia toka!”

Safari hii alikuwa amesikia vizuri kabisa. Aliona viatu vikizunguka gari, kisha shemeji akaruka shimoni na kumshika shati.

“Yuko wapi mke wangu?”

“Ongea kushoto,” alisema Masikio.

Ngumi ikatua palepale kushoto. Masikio alikuwa mzito wa mabega, lakini shimo ni jembamba na mwenzake alikuwa ameokota spana kubwa. Pigo la pili lilimvunja ubavu. Hapo aliona mambo mawili kwa mpigo: hataweza kumzuia mtu huyu mpaka saa nane, na mdogo wake hatamsikia akifika. Mkono wake ukaipata grenda.

Shemeji alirudi nyuma akidhani inamjia yeye. Grenda ikapanda juu, ikauma bomba mbele ya salensa ya kulia. Cheche zikajaa shimoni. Spana ikashuka begani, ikashuka kichwani. Kwa nje, mtu asingejua kitu: kelele za gereji na kelele za mtu kupigwa zinafanana. Salensa ya kwanza ikakatika, ikaning’inia kwenye raba zinazoishikilia, ncha yake ya moto kwa kukatwa ikamchoma shingo. Akageukia ya pili. Shemeji alimpiga vidole vya mkono wa kushoto vikavunjika vitatu, naye akaibana mashine kwa kiwiko na kifua. Damu ilimziba macho. Alikata kwa kupapasa, kama alivyozoea. Bomba lilipoachia, spana ilimpata sikio la kushoto, na dunia ikazimika sauti.

Hakusikia gari likiwashwa. Alilihisi mgongoni, kupitia saruji: mngurumo mnene, mkubwa kuliko ule wa mwanzo, kisha mwanga wa mchana shimoni.

Binti alilisikia kabla halijafika kwenye pampu ya maji. Mama yake alikuwa ndani akitafuta vyeti vya kuzaliwa, aliviacha. Pikapu ilitoka kwa njia ya nyuma, mtoto mdogo akiwa na kiatu kimoja. Jirani mwingine alisema baadaye kwamba mwenye nyumba alizunguka vyumba vyote akiita, kisha akavunja kila kioo alichokuta, na kelele za injini ile mitaani zilikuwa zimeshawatoa watu wote nje. Walisimama getini wakimtazama.

Mnyoosha bodi ndiye aliyemtoa Masikio shimoni, uso umevimba, taya limeenda upande. Watu wawili walimbeba hadi kwenye kiti cha nyuma cha gari la mteja. Alikuwa anauliza jambo lilelile, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia anachosema, na watu walimjibu, wakamjibu tena, wakaona midomo yao haimfikii. Walikuwa wanasubiri simu ya jirani mwenye pikapu. Ilipoita, mnyoosha bodi alisikiliza, akaokota chaki ya kuchorea mabati, akaandika kwenye mlango wa gari, mbele ya jicho lake lililobaki wazi: WAMEPITA KIZUIZI. WOTE WATATU.

Masikio alisoma taratibu.

“Mdogo wangu yupo?” akapiga kelele.

Mnyoosha bodi akapiga mstari chini ya WOTE, mara mbili, mpaka chaki ikavunjika.