Mwaka Tuliovilaza Vitunguu vya Mama

Sisi tuliokulia Iguguno enzi zile hatukuwa na simu ya kutuambia kitunguu kimekomaa. Maskini sisi! Tulikuwa na mama tu. Mama yangu, Mama Neema, alikuwa anainama kwenye tuta, anaishika shingo ya kitunguu kwa vidole viwili, anaibonyeza, halafu anasema "bado" au "tayari". Hakuna video, hakuna kijana wa kofia anayekusalimia "habari zenu wapendwa" robo saa nzima kabla hajagusa udongo. Na cha ajabu, vitunguu vilikaa kichanjani mpaka mvua zikarudi.

Wa rika langu mnaikumbuka kazi ile. Tunaacha kumwagilia, majani yanalala yenyewe, tunang'oa, tunapanga mstari kwa mstari ili majani ya hiki yafunike kichwa cha kile, jua lisikiunguze. Baadaye tunavihamishia kivulini, kwenye kichanja cha fito, upepo wa Singida upite juu na chini. Upepo ule ule uliokuwa unatutia mchanga kwenye mlenda. Shingo zikishakauka ndipo tunakata majani na kubakiza urefu wa vidole viwili, na ole wako ukate karibu na kichwa. "Umekichinja hicho! Kakile sasa hivi!" Unakwenda kukila kibichi, na chumvi na ugali wa uwele, machozi yanatiririka, umeadhibiwa na umeshiba kwa mpigo mmoja. Leo mtoto akipewa adhabu hiyo nadhani ukoo utaitishwa kikao.

Vidole vya mama vilikuwa na heshima yake bondeni. Wanawake wa majaruba ya jirani hawakung'oa mpaka waone Mama Neema ameng'oa. Jirani yetu, Mama Asha, alikuwa anapita asubuhi, kanga begani: "Mama Neema, vidole vinasemaje leo?" Mama akisema bado, Mama Asha anarudi kwake bila kubisha, na bonde zima linasubiri. Mama hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Hiyo tu ndiyo ilikuwa ya kwake, na aliipenda, ingawa alikuwa akijifanya wanamchosha.

Mwaka mmoja mjomba wetu wa Itigi alikuja kututembelea na galoni la asali na hadithi za treni. Kwa maelezo yake, ambaye hajaona treni bado hajazaliwa. Akaahidi kutuchukua likizo ile ile, mimi na dada yangu Neema. Mama akasema, "Hakuna anayepanda basi hapa vitunguu vikiwa ardhini." Akamalizia kwa Kinyiramba, maneno ambayo sitayaandika hapa. Mjomba alikuwa anaondoka wiki inayofuata. Vitunguu vilikuwa vimesimama wima, vibichi, havina habari na treni.

Katikati ya wiki mama akaenda msibani Nduguti, siku mbili. Neema, ambaye kwa ushahidi wake mwenyewe ndiye alikuwa na akili kuliko wote nyumbani, akanivuta bondeni. "Si majani yakilala ndiyo mama anang'oa? Basi tuyalaze." Nikaona kweli dada yangu amesoma. Tukayalaza kwa mikono, tuta kwa tuta, asubuhi nzima, taratibu yasivunjike. Hakuna kazi ya shamba niliyowahi kuifanya kwa bidii namna ile.

Mama aliporudi alisimama kwenye tuta akashangaa. Akainama, akabonyeza. "Shingo bado nene," alisema. Akabonyeza kingine. "Nene. Lakini majani yamelala yenyewe." Sisi tulikuwa tunayatazama mawe ya mlimani, kama vile tumeletwa jana. Alikaa muda mrefu ameshika kile kitunguu. Angewezaje kufikiri kwamba duniani kuna watoto wa kulaza vitunguu? Mwishowe akasema vidole vyake vimechoka na safari. Tukang'oa. Mama Asha akaona, akang'oa. Bonde zima likang'oa.

Itigi tulifika. Treni yenyewe ilikuwa ya mizigo na ilikuwa imesimama. Tuliitazama, nayo ikatutazama, tukarudi.

Haukupita mwezi kichanja kikaanza kunuka. Shingo hazikukauka, ziliteleza, ukibonyeza yanatoka maji. Kila asubuhi mama alichagua vilivyooza akatupa, kesho yake vimeoza vingine. Kwa jirani hivyo hivyo. Hakuna aliyemtukana, jamani, heri wangemtukana. Mama Asha aliacha tu kupita. Msimu uliofuata mama mwenyewe alinituma: "Kamwombe Mama Asha aje aniangalizie. Macho yangu yananidanganya siku hizi, na vidole pia." Hakuwa hata na mvi. Nikaenda kumwita Mama Asha, msimu ule na misimu yote iliyofuata, na sikusema kitu. Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Sasa mwaka huu Jeri, mtoto wa Neema, kaja kulima bustani ya bibi yake. Kilimo cha kisasa, anasema, na kwa kweli amepiga picha nyingi kuliko alivyomwagilia. Majuzi aliinua simu juu ya tuta akatangaza kwamba simu imesema tayari. Kwa adabu tu akamgeukia mama, aliyekuwa amekaa kivulini mwisho wa bustani: "Eti Bibi, unaonaje?"

"Mimi niulizwe vitunguu?" Mama akacheka kidogo. "Niliwaozeshea watu bonde zima, mjukuu wangu. Muulize mama yako mdogo."

Mama mdogo ni mimi. Tunapenda kuwaambia vijana kwamba enzi zetu tulikuwa na adabu, na ni kweli, tulimpigia mama magoti kila asubuhi, shikamoo, huku tumemnyang'anya vidole vyake. Jeri anaamkia macho yakiwa kwenye simu, lakini akikosea kijiji kizima kinajua kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulikosea kwa heshima sana.

"Mama," nikasema, "mwaka ule tulivilaza sisi. Mimi na Neema. Tulitaka kwenda Itigi."

Alinitazama. Niliona anarudi nyuma miaka yote ile, tuta kwa tuta. "Mlivilaza."

"Kwa mikono, mama. Nisamehe."

"Nilisema shingo nene."

"Ulisema."

"Nilisema mara mbili!"

"Mara mbili, mama."

Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo fimbo yangu." Mimi na umri wangu, nina wajukuu wawili, nikampa fimbo halafu nikasogea nyuma hatua tatu. Hakunipiga. Aliinuka nayo, akanipita kana kwamba sipo, akaingia kwenye tuta la Jeri. Aliinama kwa shida. Akaishika shingo ya kitunguu kwa vidole viwili, akabonyeza, akahamia cha pili, cha tatu.

"Simu inasema tayari, Bibi," Jeri alimkumbusha.

"Bado," alisema mama. "Wiki moja."

Na hakumtuma mtu kwa Mama Asha.